Nyumba Kumi na Moja za Mraba wa Saba

Mzee Shomari, balozi wa nyumba kumi kutoka Tandale, alifika ofisi ya ramani pale Magomeni Jumanne moja asubuhi, mwaka wa sabini na tatu, akakataa kuketi kwenye benchi la wageni. Alitaka aonyeshwe ramani yenyewe, hakutaka kusimuliwa habari zake. Alieleza kwamba watu wa barabara wamefika mtaani kwake na karatasi, wakapigilia vigingi katikati ya makazi, na alipowauliza wakamwambia pale hapana nyumba, pana uwanja mtupu.

"Na wakati wananiambia hivyo," alisema, "walikuwa wamesimama barazani kwa mtu."

Aliyemsikiliza alikuwa Rosalia, mwenye chumba cha ramani. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mzaliwa wa Ndanda, aliyesomea uchoraji wa ramani na kuupenda kuliko kitu chochote alichowahi kufundishwa. Alimwomba mzee asubiri, akaenda kuvuta droo ya Tandale. Hakuwa na wasiwasi. Droo zile alizipanga mwenyewe, na kama kulikuwa na jambo moja duniani ambalo angeliapia, ni kwamba kilichomo ndani ya droo zake ndicho kilichopo mtaani.

Kabla yake, Tandale na Manzese zilichorwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa kama mkeka. Mtu akiongeza banda la kuku, karatasi nzima ilitandazwa mezani ikachorwa upya, na kabla wino haujakauka watu walikuwa wameshajenga mabanda mengine sita. Rosalia akaigawa miraba. Kila mraba ukapata karatasi yake, namba yake na kadi yake. Mabondeni, penye mihogo na maji yaliyotuama, mraba uliachwa mkubwa. Kuzunguka soko la Tandale, ambako paa linakaribia kugusa paa, mraba ulikatwa vipande vinne, na kipande kikizidi kujaa kikakatwa vinne tena. Tangu hapo mabadiliko ya nyumba moja yaligusa karatasi moja, kubwa kama sinia, na kazi ya mwezi ikawa kazi ya siku moja. Wakubwa walikuja kutazama, wakampigia makofi.

Kazi ilikwenda hivi. Mpimaji alichukua nakala ya mraba, akaenda nayo mtaani na kuongeza kwa kalamu nyekundu alichokikuta kipya, kisha akairudisha. Mchoraji akainakili nakala ile yote kwa wino kwenye karatasi safi, na hiyo ndiyo ikawa karatasi ya mraba. Ile ya zamani ilikwanguliwa kwa wembe ili itumike tena, maana karatasi za namna ile zilitoka ng'ambo na mwaka ule zilikuwa adimu. Rosalia akaandika kwenye kadi kilichoongezwa na tarehe nakala iliporudi.

Kadi ya mraba wa saba ilikuwa na mwandiko wake mwenyewe: tarehe tisa Mei, nyumba kumi na moja zimeongezwa, upande wa kaskazini; na chini yake, tarehe kumi na nne, bomba moja la maji. Akaitoa karatasi. Upande wa kaskazini ulikuwa mweupe. Aliinua karatasi kuelekea dirishani, na mwanga ulipopita akaona mikwaruzo ya wembe.

Alirudi kwa Mzee Shomari akamwambia kuna jambo linachunguzwa, arudi nyumbani, atapata majibu. Mzee alimtazama kwa muda, kama mtu anayepima kama mizani ya muuza duka imechezewa, akaondoka bila kuaga.

Anayeshika wembe ofisini alikuwa mmoja tu, Masoud, mchoraji. Alikuwa kijana mtaratibu, mwembamba wa vidole, ambaye mistari yake ilinyooka kama imevutwa kwa uzi. Watu wake ni Waarabu wa Kinondoni, wafanyabiashara tangu enzi za babu zao, na miaka miwili nyuma baba yake alikuwa ametwaliwa nyumba mbili za kupangisha kwa sheria ya kutaifisha majumba. Masoud hakuwahi kuligusia jambo hilo. Mwanzoni Rosalia aliona ni ustaarabu. Sasa alijiuliza ni mtu gani anayetwaliwa nyumba asitoe hata neno.

Alimwita Kasiani, mpimaji aliyeleta zile nyumba kumi na moja. Kasiani alikuwa mtu wa kwao, wa Masasi, na neno lake kwa Rosalia lilikuwa na uzito wa ndugu.

"Mie nilizichora, dada," Kasiani alisema. "Nilizihesabu mlango kwa mlango. Kama hazipo, mtu kaziondoa."

"Nani?"

Kasiani alitazama mlango wa chumba cha uchoraji, hakujibu.

Tangu siku hiyo Rosalia akaanza kumchunguza Masoud. Aligundua mambo ambayo yalikuwepo siku zote ila hakuwahi kuyaangalia. Saa ya chakula, wenzake wakienda kwa mama ntilie, Masoud alibaki mezani. Droo yake ilikuwa na kufuli. Mtu akiingia ghafla, aligeuza karatasi iliyo mbele yake ikaangalia chini. Rosalia aliweka vidoa vya penseli kwenye pembe za karatasi tano, vidogo kama punje ya ulezi, apate kujua zikiguswa. Siku ya tatu karatasi mbili zilikuwa hazina vidoa. Mchoraji mwangalifu hufuta uchafu anaouona kwenye ramani, na mwezi mmoja nyuma Rosalia angelikumbuka hilo. Sasa hakulikumbuka.

Jumamosi kazi ilikwisha mchana. Rosalia alimwona Masoud akikunja karatasi na kuitia kwenye mkoba wake wa ngozi, kisha badala ya kushika njia ya kwao Kinondoni akaelekea Tandale. Akamfuata. Walipita sokoni, katikati ya wapagazi wenye magunia ya mkaa migongoni na wanawake wa ndizi, Rosalia akijibanza nyuma ya watu kama mwizi na kujichukia kwa hilo. Masoud alifika penye vigingi. Akatoa karatasi. Alikwenda mlango hadi mlango, akisalimu, akiuliza, akiandika. Mwanamke mmoja muuza maandazi, mtu wa Songea aitwaye Apolonia, alimwonyesha mpaka wa nyumba yake kwa mkono wenye unga.

Masoud alipogeuka alimwona Rosalia. Akaikunja karatasi.

"Habari za mchana, Ndugu Rosalia," alisema.

"Nzuri. Una jamaa huku?"

"Hapana," alijibu, akasita kama anayetaka kuongeza kitu. Halafu akainamisha kichwa kidogo, akaenda zake.

Kwa Rosalia hapo mambo yakawa wazi. Mtu huyu anazifuta nyumba ofisini, kisha anakuja mtaani kuhakikisha zipi zitavunjwa. Kwa faida gani, hakujua. Labda ya chuki tu. Nyumba zake zimechukuliwa, na za wengine zichukuliwe. Mwaka ule redio na mikutano ya tawi havikuchoka kuonya juu ya watu wanaotabasamu mchana na kuivuta nchi nyuma kwa siri, na Rosalia, ambaye siku zote alidhani watu hao ni wa kwenye magazeti, alihisi ameajiri mmoja.

Aliandika taarifa ukurasa mmoja na nusu. Neno hujuma aliliandika, akalifuta, akaliandika tena. Akampelekea Ndugu Albano, mkuu wa ofisi, ambaye aliisoma akiwa amesimama, akaiweka mfukoni badala ya jaladani.

Alhamisi walikuja watu wawili ambao hawakutaja wanatoka ofisi gani. Masoud hakubisha. Aliomba tu afunge kifuniko cha wino usikauke, akakifunga, akachukua koti lake akatoka katikati yao. Droo yake ilivunjwa, na ndani yake zikakutwa nyembe, shanga za tasbihi, na chupa ya dawa ya macho. Karatasi aliyokwenda nayo Tandale haikuonekana.

Ndugu Albano aliandika barua ya kuwasimamisha watu wa barabara. Barua ilipita kwa karani, ikapita kwa mpiga chapa, ikakaa ikingoja muhuri. Ilipofika Tandale katapila lilikuwa limeshafanya kazi asubuhi moja. Nyumba tatu zilikuwa chini, mojawapo ikiwa ya Apolonia. Mzee Shomari hakuja tena Magomeni. Alituma mtu amwambie Rosalia kwamba majibu wameyapata.

Rosalia hakulala vizuri wiki hiyo, ila hasira yake ilikuwa na pa kwenda. Kila alipoifikiria ile nyumba ya muuza maandazi alimfikiria Masoud, na hilo lilimsaidia kula na kwenda kazini.

Mchoraji mwingine hakupatikana, hivyo kalamu akaishika yeye. Wembe aliufungia kwenye kabati lake, na ufunguo akauvaa shingoni pamoja na rozari yake. Jumatatu Kasiani alileta nakala ya mraba wa ishirini, wa Manzese, wenye msikiti mpya. Rosalia akaichora karatasi mpya mwenyewe, msikiti na kila kitu, akaikwangua ile ya zamani. Ijumaa Fransis, mpimaji wa pili, akaleta nakala yake ya mraba huohuo, yenye kisima alichokuta upande wa pili. Rosalia akaichora, akaandika kadi, akafunga droo.

Jumatatu iliyofuata karani mmoja aliomba kuuona ule msikiti. Rosalia akatoa karatasi ya mraba wa ishirini. Kisima kilikuwepo. Msikiti haukuwepo.

Kitu cha kwanza alichoshika ni ufunguo shingoni. Ulikuwepo. Akafungua kabati, wembe ulikuwepo, umefungwa kwenye kitambaa kama alivyouacha. Alimtazama mfagizi aliyekuwa anapita na ndoo, akajiuliza ameajiriwa lini na kwa barua ya nani. Alimtazama Kasiani aliyekuwa anacheka na mpiga chapa dirishani, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kwa nini Kasiani hakujibu siku ile, akautazama mlango tu. Basi wapo wengi, aliwaza. Masoud hakuwa peke yake.

Kisha akaiangalia tena ile karatasi, na kilichomtisha kikawa kingine. Mistari ilikuwa yake. Ile namna ya kukunja pembe za nyumba, ile tarakimu ya saba yenye kijistari katikati, hakuna mtu mwingine aliyechora hivyo. Kama kuna mtu aliyeuondoa msikiti, basi alikuwa na mkono wa Rosalia.

Alifunga mlango. Akatafuta nakala mbili za wapimaji, ambazo kwa bahati zilikuwa hazijatupwa, akazibandika kwenye kioo cha dirisha, moja juu ya nyingine. Ya Kasiani ilikuwa na msikiti lakini haina kisima. Ya Fransis ilikuwa na kisima lakini haina msikiti. Nyuma ya kila moja palikuwa na muhuri wa siku ilipotolewa, na siku ilikuwa moja. Wote wawili walichukua mraba uleule kabla msikiti haujaingia. Kasiani akarudi kwanza, msikiti ukaingia. Fransis akarudi baadaye na nakala ambayo haikuwahi kuusikia msikiti, na yeye Rosalia, kwa kufuata utaratibu wa Rosalia, akaifanya kuwa ndiyo ukweli wote.

Akaenda kwenye daftari ambamo wapimaji huweka sahihi wakichukua na kurudisha nakala. Hakuwahi kulilinganisha na kadi, kadi zilimtosha. Mraba wa saba: Kasiani, tarehe mbili Mei. Fransis, tarehe tatu Mei. Kasiani alirudisha tarehe tisa, na nyumba kumi na moja. Fransis alirudisha tarehe kumi na nne, na bomba moja la maji. Na ile mikwaruzo ya wembe? Akatoa karatasi nyingine kumi, moja moja, akaziinua kwenye mwanga. Zote zilikuwa na mikwaruzo, kwa kuwa zote zilikuwa zimetumika mara mbili, kwa amri aliyoitoa yeye.

Alikaa chini sakafuni kati ya droo zilizo wazi. Masoud alichora alicholetewa, basi.

Ndugu Albano alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anazungusha kalamu mezani. Alimwambia hajaona sababu ya kulifanya jambo kuwa kubwa. Masoud alikuwa ameshaachiwa tangu wiki iliyopita, yuko kwao, amesimamishwa kazi tu. Ataitwa baada ya muda. Kuhusu taarifa, ingetosha kuandikwa kwamba palitokea makosa ya kiufundi.

"Makosa ya kiufundi yana jina, Ndugu Albano," Rosalia alisema. "Ni langu."

"Ukiandika hivyo, watakuuliza wewe kwa nini. Na hao hawaulizi kwa upole."

Aliandika hata hivyo. Aliandika jina lake, tarehe nne zote, na sentensi moja inayosema mchoraji Masoud hana kosa. Nakala moja akaipeleka kwa mkono wake ofisi ya wilaya na kudai isainiwe mbele yake, kwa kuwa safari hii hakuuamini hata mfuko wa Ndugu Albano. Kisha akapanda basi kwenda Kinondoni.

Alipopiga hodi alipokelewa na mama wa Masoud, Bibi Mahfudha, mwanamke mnene mwenye ushungi mweusi na macho makavu. Rosalia alimwamkia shikamoo, akaitikiwa. Alikaribishwa ukumbini, akaletewa kahawa kwenye kikombe kidogo, na hakuulizwa kilichomleta. Nyuma ya pazia mtu alitembea, akasimama.

"Wamekutuma?" Bibi Mahfudha aliuliza hatimaye.

"Hapana, mama. Nimekuja mwenyewe."

"Hata wale wawili walisema wamekuja kwa mazungumzo tu. Mmoja alikaa hapo ulipokaa."

Rosalia aliweka kikombe chini. Alianza kueleza habari za nakala mbili, akachanganyikiwa, akaanza upya. Aliona jinsi bibi yule anavyofuatilia mikono yake na si maneno, kama anayengoja kuona itatoa nini mkobani. Aliposema kwamba kosa ni la utaratibu wake, pazia likafunguka.

Masoud alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kiti cha mbali, karibu na mlango wa uani.

"Nilikwambia mwezi wa tatu," alisema. "Nilikuletea mraba wa nne. Nikakwambia nakala hizi mbili hazipatani, nichore ipi? Ukanijibu nichore iliyokuja mwisho, nisiongeze yangu."

Rosalia alikumbuka. Siku ile palikuwa na wageni, na yeye alikuwa na haraka ya kuwaonyesha droo.

"Na ile Jumamosi, Tandale?"

"Nilikwenda kuhesabu. Nilijua kuna kitu kimepotea, sikujua ni nini. Nilitaka nije na namba kamili ndipo nikwambie, kwa sababu bila namba usingenisikiliza. Nikakuona umesimama nyuma ya magunia." "Nikaona uso wako. Nikajua ukiiona karatasi ile mikononi mwangu utasema mimi ndiye niliyezifuta nyumba. Nikaichoma jikoni kwa mama."

"Kwa nini hukuwaambia wale watu?"

"Niliwaambia. Siku mbili. Wakaniuliza nyumba za baba zilikuwa ngapi."

Rosalia aliomba radhi. Ilitoka vibaya, kwa sauti ndogo, na Bibi Mahfudha akakusanya vikombe bila kumtazama. Masoud hakuikubali radhi na hakuikataa. Lakini alipoona daftari likichungulia mkobani mwa Rosalia alinyoosha mkono, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, na sauti yake ilibadilika ikawa ile ya kazini. Alisema kuzuia watu wawili wasichukue mraba mmoja kungekwamisha kazi, maana wapimaji wengine hukaa na nakala mwezi mzima. Afadhali kila karatasi ya mraba ipewe namba ya mara ngapi imechorwa, na nakala ibebe namba hiyohiyo. Nakala ikirudi na namba sawa na ya droo, inachorwa. Ikirudi na namba iliyopitwa, basi isinakiliwe yote. Yachukuliwe yaliyoandikwa kwa kalamu nyekundu tu, yaongezwe juu ya karatasi iliyopo.

"Na ya zamani isikwanguliwe mpaka robo ya mwaka ipite," aliongeza. "Hata kama karatasi hazipo."

Rosalia aliulizwa maswali na watu wasiotaja ofisi yao, kama Ndugu Albano alivyosema, kwa siku tatu. Alipewa onyo la maandishi na kucheleweshewa cheo. Nyumba nane za mraba wa saba ziliachwa, barabara ikapinda kidogo kuzikwepa. Wenye zile tatu walipewa viwanja Ukonga, na Rosalia alikwenda huko mara moja kumtafuta Apolonia, akamkuta amekaa mbele ya kibanda cha makuti, hana maandazi, kwa kuwa huko hapakuwa na soko wala watu wa kuyanunua asubuhi. Apolonia alimsikiliza, akamuuliza kama safari hii nyumba yake imeandikwa. Rosalia alimwambia ndiyo. Apolonia alitaka aione.

Masoud alirudi kazini mwezi wa tisa. Utaratibu wa namba ulifanya kazi, na kabla ya mwaka kwisha miraba sita ilikuwa imeokolewa isipotelewe na kitu. Wapimaji wakauzoea, na Kasiani akawa anausifia kwa wageni. Ila Masoud hakuwahi tena kushika wembe wala kalamu kwa neno la mdomo. Kila karatasi, hata ya kuongeza choo cha shimo, aliileta kwanza mezani kwa Rosalia, akamwekea nakala upande wa kulia na karatasi ya droo upande wa kushoto, akamnyooshea kalamu. Rosalia alisaini. Masoud alipuliza wino wa sahihi mpaka ukakauka, akaisoma kuhakikisha jina lipo na tarehe ipo, ndipo akarudi kwenye meza yake na kuanza kuchora.